Baada ya Chakula

Mwili nilikuwa nimeshajua kuusoma.
Miezi miwili ya mafunzo, kituo cha juu pale Kadutu,
mahali ngazi za udongo hushuka kati ya mabati
na siku za mvua wagonjwa huingia viatu mkononi.
Nilihesabu pumzi kwa dakika nzima,
si nusu dakika uzidishe kwa mbili;
kwa hilo Masera Leokadia angekunyang'anya saa.
Nilibana ngozi ya tumbo la mtoto
nikangoja: itarudi upesi, au itasimama kama hema?
Nilifunua kope, nikatafuta wekundu.
Nilibonyeza kifundo cha mguu, nikaona
shimo la kidole changu likikawia kufutika.

Sikujua bado kwamba mwili una nyumba,
na nyumba ina sufuria.

Bibi Cibalonza alikuja na mguu.
Ndivyo alivyosema: "Nimekuletea mguu."
Jembe lilimkata shambani, Mumosho,
akakifunga kidonda kwa jani na kitambaa cha kitenge.
Nikaosha. Nikapima kwa rula. Nikaandika:
sentimita nne, joto, usaha kidogo, harufu hakuna.
Nikamhesabia vidonge ishirini na kimoja,
nikasema kwa sauti ya darasani:
"Kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula. Umeelewa?"
"Nimeelewa, mwanangu."
Nikaandika: *ameelimishwa*.
Nikapiga mstari chini, kwa rula ileile.

Siku ya tano: sentimita sita. Harufu ipo.
Nikamwaga vidonge mezani. Kumi na saba.
"Nilikuambia mara tatu!"
(Sauti ile ingali inanifuata nikipanda ngazi.)

Masera akavuta kigoda, akakaa
chini kuliko yule bibi, akauliza
kama anayeulizia habari za jirani:
"Mama, jana ulikula nini?"
"Ugali wa muhogo. Sombe. Jioni."
"Na asubuhi?"
Bibi akageuza uso kwenye dirisha.
"Mtoto alisema baada ya chakula.
Nimekunywa kila nilipokula.
Jumatano sikunywa."

Nje mtu alikuwa anagongea bati misumari.
Tulimsikiliza, sote watatu.

Baadaye, akinawa, Masera aliniambia:
"*Umeelewa* si swali. Ni mlango
unaomfungulia mtu ili atoke.
Muulize mjukuu wake atamwambia nini."

Basi tukaanza upya, dawa na maneno.
Saa hana. Tukatafuta saa zilizomo ndani ya siku yake,
na yeye ndiye aliyezichagua:
wachukuzi wakianza kushuka na magunia, kimoja;
watoto wa shule wakirudi na kelele zao, kimoja;
usiku, umeme ukikatika,
maana haujawahi kukosa kukatika, cha tatu.
"Hata bila ugali?"
"Hata bila ugali, Bibi. Maji uliyochemsha yanatosha."
Nikachora kwa biki ukingo wa wekundu mguuni:
ukivuka mpaka huu, usingoje Ijumaa.
Kisha nikanyamaza, ambalo ni gumu kuliko kufunga bendeji,
akanifundisha yeye: wachukuzi, watoto, umeme, mpaka.
Alipokosea, alikosea kwa sauti,
nami nikasikia mahali pa kushona.

Ijumaa alifika mapema. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma,
umeuacha mstari wangu peke yake kwenye ngozi nzima.
Lakini macho yake yalikuwa mazito, kope zimevimba.
Nikavuta kigoda.
"Bibi, umelalaje?"
"Sikulala. Jana, ajabu, umeme haukukatika.
Nilikaa na mwanga wao mpaka usiku wa manane,
kidonge mkononi,
nikingoja giza ili nikinywe."

Akacheka yeye kwanza.
Nikachukua kalamu, nikaandika yote,
na safari hii sikupiga mstari.